Jinsi Mama Anavyosuka Kikapu

Kama kuna kitu Mwalimu Aikande alikichukia kuliko vumbi la Mwandiga mwezi wa Agosti, ni insha ya kukariri. Alifika Kigoma mwaka 1994, binti wa Usangi huko Upare, na sanduku la bati, barua ya ajira na macho mekundu ya usingizi wa treni. Wiki ya kwanza akawaambia watoto wa darasa la tano waandike habari yoyote waipendayo. Wengi wakamwandikia safari ya kwenda Dar es Salaam kwa ndege. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika Kasulu, lakini ndege zote zilipaa kwa madaha na mawingu yote yalikuwa meupe pe, maana mwalimu aliyetangulia aliwaandikia madaha hayo ubaoni nao wakayanakili.

Aikande hakuwa mtu wa kuficha hasira. Aliyabwaga madaftari mezani akawaambia kwamba anayeandika asichokijua ni mwongo, hata kama hajakosea herufi wala nukta. Akawauliza, nyumbani kwenu kuna nini kinachotengenezwa kwa mikono? Watoto wakatazamana. Kwani hayo nayo ni mambo ya kuandika? Mawese, akasema mmoja. Matofali. Sabuni. Pombe, akasema wa nyuma, na darasa likacheka. Mwalimu akasema basi ni hayo hayo, kila mtu aandike lake.

Zikaja insha za mistari minne minne. Hapo ndipo alipoanza ule mchezo wake uliomfanya ajulikane mpaka Kalinzi. Alikuwa akiichukua insha ya mtoto na kufanya mbele ya darasa kile kilichoandikwa, bila kuzidisha. Erick aliandika: "Ukitaka kupika chai chukua sufuria, tia maji, tia majani, kunywa." Mwalimu akachukua sufuria aliyoileta kutoka kwake, akatia maji ya mtungi, akatia majani ya chai, akanywa vilevile, baridi, majani yamemganda mdomoni. Watoto walicheka mpaka wakalalia madawati.

"Moto uko wapi, Erick? Hukuniambia moto."

Tangu siku ile Erick hakusahau moto tena. Na kwenye kona ya juu ya ubao yakaandikwa maneno ambayo zamu ya usafi ilikatazwa kuyafuta: Usiruke kitu. Anza kilikotoka. Sabuni ya Adolf ikaanzia kwenye majivu ya mikungu ya michikichi. Dagaa wa Happiness, ambaye bibi yake aliishi Mwamgongo, kijiji cha ziwani, wakaanzia kwenye karabai ya kuvulia usiku na mtu aliyejua kuitia utambi. Ukimkuta mtu anajua kitu, Aikande aliwaambia, muulize alifundishwa na nani, na wapi, maana kazi haianzii mkononi mwake.

Walimu wenzake walimbatiza Mwalimu Majivu. Hakujali. Mwalimu mkuu, Mzee Bonifasi, Muha wa pale pale Mwandiga aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, hakumsifu wala hakumkataza. Alikuwa mtu wa kukohoa kabla ya kusema jambo, na mara nyingi jambo lenyewe liliishia kwenye kikohozi. Aikande alimwona mzee aliyechoka, na kusema kweli alimdharau kidogo.

Ukafika mwaka 1997. Redio haikuwa na habari nyingine ila Burundi na kambi, kambi na Burundi. Barabara ya Kasulu ilijaa malori ya mahindi ya msaada. Kisha likatangazwa agizo: kila mkimbizi aliye nje ya kambi arudishwe kambini, iwe amekuja jana au amekuja zamani. Aikande alilisikia kama kila mtu alivyolisikia. Wakimbizi, kwa akili yake, walikuwa wale watu wa mahema ya plastiki ambao aliwahi kuwaona kwa mbali kupitia dirisha la basi. Mwandiga aliijua yeye: ilikuwa na wakulima, wachuuzi na watoto wake hamsini na wawili.

Mmoja wao aliitwa Jovita. Alikuwa binti wa Feliksi, mkulima wa michikichi, na Leonia, mama mrefu mpole ambaye Aikande alimjua kwa sura tu, kwa kuwa kila siku ya kikao cha wazazi alikaa mwisho kabisa na hakuuliza swali. Jovita aliandika herufi ndogo ndogo ili kubania karatasi. Mwezi wa Septemba alileta insha hii: "Mama yangu husuka vikapu. Hutumia majani na nyuzi. Vikapu vyake ni vizuri. Mwisho."

Mwalimu akatia wino mwekundu: "Umeruka mengi. Majani ya wapi? Nani alimfundisha mama? Rudia."

Ikaja ya pili, ndefu zaidi, yenye majani na nyuzi na namna ya kushona, lakini aliyemfundisha mama hakuwemo. Aikande alimsimamisha mbele ya wenzake. "Kwani mama yako alizaliwa anajua kusuka?" Darasa likacheka. Jovita aliangalia vidole vya miguu yake. Mwalimu, ambaye alidhani anapambana na uvivu, akamwambia akamuulize mama, na asirudi na karatasi nusu nusu.

Ya tatu ilikuja baada ya siku mbili, ukurasa mzima uliojaa. Ilisema hivi:

"Kikapu cha mama huanzia bondeni, kwenye majani membamba yanayoota karibu na maji. Mama huyakata asubuhi na kuyaanika siku tatu. Nyuzi hutoka kwenye magamba ya mgomba. Huzianika, halafu huzichana kwa ukucha mpaka ziwe nyembamba. Nyingine huzichemsha na ua la mgomba ili ziwe nyeusi. Halafu huchukua spoku ya baiskeli ya baba aliyoichonga ncha, hutoboa na kushona, kuzunguka na kuzunguka. Kifuniko huanzia juu kwenye ncha na kushuka chini. Ncha ndiyo ngumu. Mama alifundishwa ncha na bibi yake huko Burundi, karibu na Nyanza-Lac. Mwaka 1972 watu wao walipouawa walikimbia na mjomba wake, wakatembea siku nne. Mama alikuwa na miaka tisa. Alibeba kikapu cha bibi kichwani, ndani kulikuwa na mbegu za maharage. Bibi alibaki njiani. Kikapu hicho kipo mpaka leo. Kimetundikwa ukutani juu ya kitanda cha baba na mama. Watu wakiozesha huja kukiazima, kwa sababu hapa hakuna kingine kizuri hivyo. Mama akisuka hukiangalia hicho."

Aikande aliisoma amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Machozi yalimlengalenga. Miaka mitatu ya majivu na masufuria ilikuwa imezaa hii. Hakuijaribu mbele ya darasa kama alivyozijaribu nyingine. Ingekuwa kuichezea. Aliandika chini yake, kwa wino ule ule mwekundu, 20/20, alama ambayo hakuwahi kumpa mtoto yeyote, na pembeni: "Hukuruka kitu."

Alisoma kama mwalimu anavyosoma. Aliona mwanzo, kati na mwisho. Aliona bibi amebaki njiani kwa sentensi moja, akashangaa mtoto wa darasa la tano amejuaje kwamba sentensi moja inatosha. Agizo la redio halikumjia akilini hata kidogo. Baadaye alijiuliza mara nyingi iliwezekanaje.

Wiki ile walitarajiwa wageni kutoka wilayani kuja kufungua darasa jipya. Aikande alinunua karatasi za manila, akabandika insha kumi na mbili ukutani, na ya Jovita akaiweka katikati. Mzee Bonifasi alipita akizisoma, mikono nyuma. Alipofika katikati alisimama kwa muda mrefu. Akakohoa.

"Hii iache, mwalimu."

"Kwa nini, mzee? Ndiyo nzuri kuliko zote."

Mzee akatazama mlangoni, kisha akamtazama yeye, mgeni wa Upare aliyeajiriwa na serikali, mwenye pini mdomoni. "Ni ndefu mno," akasema.

"Watakaochoka wataruka," Aikande akajibu, na akaongeza pini moja. Mzee Bonifasi alikohoa tena akaenda zake ofisini.

Wageni walikuja wanne. Walikunywa soda, wakakata utepe, wakapitishwa ukutani. Mmoja wao, bwana wa makamo mwenye suti ya kaunda, aliisoma insha ya katikati mpaka mwisho na kuuliza kama mtoto huyo yupo. Aikande alifurahi mno. Alimwita Jovita mbele akamwambia asome kwa sauti. Jovita alisoma, sauti ikitetemeka mwanzoni na kutulia alipofika kwenye spoku. Wageni wakapiga makofi. Bwana wa suti ya kaunda aliinama kwa upole akamuuliza nyumbani kwao ni wapi.

"Pale nyuma ya kanisa, penye michikichi miwili," Jovita akasema, akaonyesha kwa kidole.

Bwana yule akaomba apewe karatasi ile, kwa kumbukumbu. Aikande aliichomoa mwenyewe, pini moja moja, akaikunja vizuri ili isivunjike kwenye kona, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Siku tisa baadaye Jovita hakuja shule. Siku ya kumi Aikande alikwenda kwao. Alimkuta Feliksi amekaa kwenye kigogo nje ya nyumba, na uani majani ya kusukia yameanikwa, kuku wakiyatembelea bila wa kuwafukuza. Feliksi alimwamkia kwa adabu zote, akamletea kigoda, akamweleza bila kupandisha sauti. Askari wawili na mgambo walikuja asubuhi na lori. Walimkuta Leonia akianika nyuzi. Hawakumuuliza yeye ni nani. Waliuliza kikapu kiko wapi.

"Mgambo aliingia moja kwa moja chumbani," Feliksi akasema. "Hakutafuta. Alijua kipo juu ya kitanda. Akakitoa nje akawaonyesha wenzake. Mwalimu, chumba changu mimi, ndugu zangu wenyewe hawajakiingia."

Leonia aliambiwa achukue mzigo mmoja. Alifunga nguo kwenye kitenge, akaichukua na ile spoku. Watoto watatu walibaki, kwa kuwa baba yao ni raia. Kikapu walikwenda nacho wale askari, kama ushahidi, walivyosema wenyewe. Jovita alikuwa ndani wakati wote baba yake akisimulia, na hakutoka kumsalimia mwalimu.

Aikande alirudi shuleni, akaingia ofisini kwa Mzee Bonifasi bila kubisha hodi. Alitaka kugombana na mtu, na mzee ndiye aliyekuwa karibu. Kwa nini hukuniambia?

Safari hii mzee hakukohoa. "Kijiji kizima kilijua, mwalimu. Miaka ishirini na mitano. Mimi nilimjua Leonia akiwa mtoto, anachota maji pale kisimani kwa mzee Leodgar. Mwenyekiti wa kijiji anajua, padri anajua. Wanangu wawili nimewaozesha kwa kikapu kile. Ila hakuna aliyekuwa ameandika. Ningekwambiaje? Wewe ni mtu wa kuandika."

Hasira za Aikande zilikosa pa kwenda, zikamrudia. Lakini alikuwa na ubishi wa kwao, na kesho yake alipanda hiace hadi mjini, akafuata ofisi hadi ofisi mpaka akampata mtu wa kumsikiliza, kijana nadhifu aliyeonekana hana ubaya na mtu. Mama yule ameolewa na raia, Aikande akamwambia. Ana watoto watatu raia. Amekaa mkoa huu muda mrefu kuliko mimi, kuliko hata wewe. Kijana akaitikia kwa kichwa, akauliza cheti cha ndoa. Hakikuwepo. Ndoa ilifungwa kwa mbuzi, majembe na pombe, na mjomba aliyevipokea alikwisha kufa. Kadi ya kliniki? Cheti cha ubatizo? Karatasi yoyote yenye jina lake, dada?

Kijana akafungua jalada. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, imekunjwa vizuri isivunjike kwenye kona. Aikande aliyaona maandishi madogo madogo, na chini yake wino wake mwekundu.

"Hii ndiyo tuliyonayo," kijana akasema. "Imeandikwa na mtoto wake mwenyewe. Na mwalimu amethibitisha."

Basi Aikande akaandika. Hakuwa na silaha nyingine. Aliandika kurasa nane, jinsi msichana wa miaka tisa anavyokuwa mtu wa Mwandiga: nani alimpa nyumba, nani alimpa shamba la kwanza, nani alipokea posa, nani alizalisha watoto wake, nani alizikwa amefunikwa na mkeka wa mkono wake. Alianza kilikotoka na hakuruka kitu. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kutafuta watu wa kutia saini au dole gumba.

Agnesi, jirani aliyepakana na Leonia mpaka wa shamba, alikuwa wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho akifuta mikono kwenye kanga, kisha akasema, "Mimi sijui kitu, mwalimu. Kile kikapu nilikiazima tu."

Leodgar alisema macho yanamsumbua. Mwenyekiti alisema aende aje wiki ijayo, na wiki iliyofuata alikuwa amesafiri. Kila alikoingia alikaribishwa, akapewa ndizi za kuchoma, akaulizwa habari za Upare, na karatasi yake ikarudishwa kwa heshima bila alama. Aliwaita waoga mbele ya Mzee Bonifasi. Mzee akamjibu kwamba atakayetia dole hapo amekiri kwamba alimficha mkimbizi miaka yote hiyo. "Na wameona karatasi ya kwanza ilivyofanya kazi," akasema. Kisha akavuta kalamu akatia saini yake, peke yake, kwa mkono wa mtu anayefikiria kiinua mgongo chake. Karatasi yenye saini moja ilipelekwa. Haikujibiwa.

Jovita alirudi darasani mwezi wa Oktoba. Alikaa pale pale, akafanya hesabu, akachora ramani, akajibu maswali akiulizwa. Lakini ilipofika insha alimkabidhi mwalimu safari ya kwenda Dar es Salaam kwa ndege. Ndege ilipaa kwa madaha. Aikande aliisoma hadi mwisho, akatia alama kumi na tano, na wala hakuandika neno pembeni. Ijumaa hiyo alipanda kwenye kiti akayafuta mwenyewe yale maneno ya kona ya ubao.

Shule ilipofungwa mwezi wa Desemba, Aikande alipata kibali cha kuingia kambini upande wa Kasulu. Siku moja kabla ya safari alimwita Jovita, akampa karatasi na bahasha, akamwambia amwandikie mama barua, ataipeleka kwa mkono wake. Mtoto aliitazama karatasi bila kuigusa.

"Mwambie kwa mdomo, mwalimu," akasema. "Mwambie hatujambo."

Alimkuta Leonia nje ya hema la plastiki, miguu ameinyoosha, anasuka. Alikuwa amekonda shingoni. Walisalimiana kirefu kama inavyotakiwa. Feliksi, watoto, mbuzi, mvua. Aikande akafikisha salamu za mdomo. Kisha akaanza yale aliyoyapanga njia nzima ndani ya basi, kwamba amekuja kuomba radhi, kwamba ni yeye aliyemlazimisha mtoto.

Leonia alimkatiza kwa upole. "Aliniuliza tukiwa shambani. Nikamwambia hayo usiandike. Akalia, akasema utamsimamisha tena wenzake wamcheke. Nikafikiri, nikasema, andika tu. Mwalimu ni mtu wa serikali. Kama ingekuwa vibaya, asingeuliza."

Aikande akainamia mikono ya Leonia. Spoku ilikuwa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka.

"Ile karatasi watairudisha?" Leonia akauliza. "Mimi sijui kusoma. Nilitaka anisomee, wakasema imebandikwa shule, nikasema nitakuja siku ya kikao. Sijaisikia mpaka leo."

"Hawatairudisha, mama Jovita. Lakini naijua."

Aliijua kweli. Yeye aliyekuwa akiwachapa watoto kwa kukariri alikuwa ameikariri hiyo moja, na si kwa kupenda. Ilimjia akiosha vyombo, ilimjia akisahihisha hesabu. Akaanza kuisema, pale juani, bondeni kwenye majani membamba, siku tatu za kuanika, magamba ya mgomba, ukucha, ua la mgomba, spoku. Wanawake wawili wa hema la jirani wakasogea kusikiliza. Alipofika kwa bibi aliyebaki njiani aliisema sentensi ile na zilizobaki, mpaka mama anayesuka huku akiangalia ukutani.

Leonia alikuwa ameacha kusuka. Alikaa akitikisa kichwa taratibu, midomo ikicheza, kama anayehesabu kitu.

"Mtoto wangu anajua kusema," akasema mwishoni. "Lakini ameruka kitu."

"Wapi?"

"Kuloweka. Nyuzi zikishakauka lazima uziloweke kwanza, ndipo ushone. Hakuandika kuloweka." Aliokota uzi mmoja mkavu uliokuwa chini, akaukunja kwenye kidole, ukakatika. "Ona. Mtu akifuata hivyo alivyoandika, hapati kikapu. Zitakatika zote. Hukujaribu, mwalimu?"

"Sikujaribu," Aikande akasema.